Kura Zilizobaki Visiwani

Nisikilize, kijana wangu, wewe uliyenisimamisha juzi pale Buhongwa ukaniuliza kama kazi ya kampeni ina mshahara. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa nimebeba mkungu wa ndizi na jua lilikuwa kali. Leo nimekaa, magoti yametulia, na chai iko mezani. Nitakujibu, ila usitegemee jibu fupi. Mimi ni Mhaya, na Mhaya ukimuuliza saa ngapi, anaanza kwa kukueleza saa yake ilinunuliwa wapi.

Mimi, Mama Kemi, nilikuwa meneja wa kampeni za udiwani. Kwa maneno mepesi, mtu akitaka kuwa diwani wa kata, mimi ndiye niliyepanga aende wapi, aongee na nani, na zaidi ya yote, anyamaze wapi. Niliianza kazi hii vyama vingi vikiwa bado vigeni, watu wakiviangalia kama mtoto anavyomwangalia mgeni mwenye ndevu. Niliiacha vijana walipoanza kuniambia kwamba mikutano siku hizi inafanyikia kwenye simu. Nimefanyia kazi wagombea wa vyama tofauti, na wapo walioniita kinyonga. Sikukasirika. Fundi bomba haulizwi nyumba anayotengeneza ni ya dini gani, anaulizwa kama maji yanatoka.

Nimeshinda mara nyingi. Ushindi huo nimeusahau kama chakula cha mwaka juzi: najua nilishiba, lakini siwezi kukutajia mboga. Ninachokikumbuka ni kushindwa kwa mwanamke mmoja aitwaye Nyanjura. Nitakusimulia hicho, maana ndani yake kimo karibu kila kitu ninachokijua kuhusu uchaguzi.

Kabla ya Nyanjura, nikutibu kwanza ugonjwa ambao kila anayeanza kazi hii anao. Ni ugonjwa wa kupima ushindi kwa wingi wa watu mkutanoni. Aliyenitibu mimi ni Mzee Masatu, Mkerewe mwenye sauti ndogo, fundi cherehani wa Nyakato. Alikuwa amesimamia kampeni nyingi kabla yangu, na kila msimu wa uchaguzi alishona bendera za vyama vyote kwenye cherehani ileile.

Mkutano wangu wa kwanza mkubwa ulikuwa Usagara, pale njia panda. Uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda juu ya mapaa ya vibanda. Nikamgeukia Mzee Masatu nikamwambia, "Mzee, hapa tumemaliza kazi."

"Angalia miguu," akasema.

"Miguu ina nini?"

"Haina kitu. Ndiyo nakwambia uiangalie."

Nikaangalia. Watu wa vijiji vile wanaotembea kuja mkutanoni hufika na vumbi mpaka magotini. Hawa viatu vyao viling'aa. Walishuka kwenye malori, walikuja kucheza muziki, na vituo vyao vya kura vilikuwa kata nyingine.

"Na wale kule mbele wenye vumbi?" nikauliza, nikitafuta faraja.

"Wale ni wanafunzi wa darasa la nne, mama."

Uchaguzi ule tulishindwa vibaya. Tangu hapo, kila nilipoingia mkutanoni niliinamisha macho kwanza. Wewe nawe, ukiona kundi la simu lina maelfu ya watu wanaotuma mikono ya kupiga makofi, uliza swali la Mzee Masatu kwa namna yako: hawa wanapigia kura wapi?

Kuna pia mama mmoja wa kule kwenye mashamba ya mpunga aliyenimalizia somo. Nilimkuta njiani amejifunga kanga ya chama kimoja kiunoni na nyingine ya chama cha pili kichwani. Nikamwambia, "Mama, mbona umechanganya?"

"Sijachanganya. Chini ni baridi, juu ni jua."

"Na kura je?"

Akanitazama kwa huruma. "Kura haivaliwi, mwanangu."

Mpiga kura wetu hapendi kumkatalia mtu usoni. Ukimwendea atasema "tuko pamoja." Akija mpinzani wako jioni, atamwambia vivyo hivyo, na wala si mnafiki. Ni adabu tu, kama mtu anavyomkaribisha mgeni chakula hata kama sufuria limekwisha. Ukiijua adabu hiyo, hutalala ukiota ushindi.

Sasa nikueleze namna mshindi anavyopatikana, maana wengi wanaopiga kelele za siasa hawaijui vizuri. Chukua mfano wa watu kumi wanaochagua chakula cha jioni, na sufuria ni moja. Wanne wanataka ugali kwa dagaa. Watatu wanataka wali. Watatu, watu wenye akili kama mimi, wanataka ndizi. Kwa utaratibu wa udiwani, ugali umeshinda. Hauhitaji kupata nusu. Unahitaji tu kumzidi kila mmoja wa wengine, hata kwa kura moja. Wale sita waliokataa ugali watakula ugali, au walale njaa kama mimi.

Unaona basi kwamba hesabu haiangalii tu wangapi wanakupenda. Inaangalia pia wale wasiokupenda wamegawanyika vipi. Mgombea mwenye busara huomba mambo mawili kwa Mungu: awe na watu wake, na maadui zake wasipatane.

Jambo jingine: huwezi kusimama ugombee peke yako kwa sababu tu watu wanakuamini. Lazima chama kikusimamishe. Na ndani ya chama kuna kura za maoni, ambapo wanachama wanamchagua atakayepeperusha bendera yao. Wengi hufia hapo kabla wananchi hawajawaona. Wengine wakifia hapo hufufukia chama kingine.

Basi, Nyanjura.

Alikuwa Mjita, mjane, mwanikaji wa dagaa kwenye mwalo mmoja, ufuko wa kushushia samaki, ambao sitautaja, maana watu wake bado wapo na wengine wananisalimia. Pale mwaloni palikuwa na uwanja mpana wa mchanga na majani mafupi, ukishuka taratibu mpaka majini. Wanawake waliweka chanja zao pale, wakamwaga dagaa asubuhi, wakawageuza mchana, wakawazoa jioni. Jua la pale na upepo wa pale vilipatana. Dagaa wa mwalo ule walikauka bila kunuka, na wanunuzi waliwafuata kutoka mbali.

Halmashauri ikaleta wazo la kujenga soko la kisasa la samaki juu ya uwanja huo, lenye ukuta, paa na meza za vigae. Mgombea mmoja, Bwana Kulwa, mfanyabiashara wa mazao, aliibeba hoja hiyo. Usinielewe vibaya, Kulwa hakuwa mtu mbaya. Aliamini soko litaleta maendeleo, na wakulima wa vijiji vya juu walimuunga mkono, kwa kuwa wao waliwajua watu wa mwaloni kwa harufu tu. Nyanjura alikuwa na swali moja: "Sawa, mjenge. Sisi tutaanika wapi?" Aliliuliza kwenye kila kikao, na kila kikao kilimjibu kwamba suala lake limepokelewa. Alipochoka kupokelewa, akaamua kugombea.

Hakuwahi kuwa na kadi ya chama chochote. Tulibisha hodi kwenye chama kimoja kidogo ambacho katika kata ile hakikuwa na mgombea, wakampokea kama mvua ya kiangazi. Kura zao za maoni zilichukua muda mfupi kuliko sala ya kufungulia kikao, maana alikuwa peke yake.

Sikuwahi kupata mgombea kama yule. Kwenye mikutano hakupayuka. Alishika kiganja cha dagaa, akawaonyesha watu, akasema, "Huyu amesomesha watoto wangu. Mnataka kumjengea ukuta?" Watu wa mwaloni walimpenda, wavuvi na wanikaji, Wajita, Wajaluo na Wakerewe. Nikainamisha macho kuangalia miguu yao. Ilikuwa na mchanga wa palepale.

Kulikuwa na tatizo moja, nalo liliitwa Shija. Shija alikuwa mchuuzi wa samaki, Msukuma wa vijiji vya juu, naye aliupinga ukuta. Alianzia chama kimoja na Kulwa, akashindwa naye kwenye kura za maoni, akakasirika, akahamia chama cha tatu. Ukirudi kwenye sufuria letu, Kulwa ni ugali, na Nyanjura na Shija ni wali na ndizi. Nikawakutanisha wote wawili kwa mama lishe mmoja pale Usagara, tukaagiza samaki.

"Shija, kaka yangu," nikaanza, "ninyi wawili mnauza bidhaa moja kwa wateja walewale. Mmoja afunge duka."

"Afunge yeye. Mimi nimeshachapisha fulana."

"Fulana zitavaliwa shambani."

"Zina picha yangu, Mama Kemi! Nivaliwe shambani?"

"Zivaliwe tu," Nyanjura akadakia. "Picha hiyo ikienda kwenye mpunga, hakuna ndege atakayetua."

Tukacheka wote, hata Shija, mpaka mama lishe akaja kuuliza kama tunataka soda. Kisha Shija akaweka mwiba pembeni ya sahani, akasema kwa sauti ya kawaida, "Dada, naweza kujitoa kwa ajili yako, sawa. Lakini watu wangu wa juu hawatakuja kwako. Watasema nimenunuliwa na watu wa mwaloni. Watakwenda kwa Kulwa, au watakaa nyumbani."

"Na mimi nikijitoa," akasema Nyanjura, "wanawake wangu hawatanisikia tena. Nimewaambia nitasimama mpaka mwisho."

Wote wawili walisema kweli. Hilo nalo ujifunze mapema: kura si gunia la mchele, ulihamishe kutoka lori hili kwenda lile. Mtu humfuata mtu, au kabila, au chama cha baba yake, au hasira yake tu. Siku ile tulikula samaki, tukaagana vizuri, na hakuna aliyejitoa. Hata hivyo sikuvunjika moyo. Nilipiga hesabu kituo kwa kituo nikaona mwaloni peke yake, ukitoka wote, unatosha. Wavuvi ndio waliokuwa wengi. Wakijipanga kwenye foleni, Nyanjura anawazidi wote wawili.

Hapo ndipo nikuombe unisikilize kwa makini.

Dagaa huvuliwa kwa taa, wakati wa giza, mwezi usipoonekana. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa, kwa hiyo wavuvi wanakaa nchi kavu. Wanashona nyavu, wanacheza drafti, wanalewa kidogo, wengine wanaoa. Giza likirudi, mitumbwi inaondoka kwenda kwenye kambi za visiwa vya mbali, na mwalo unabaki na wanawake, kuku na wazee. Kila mtoto wa pale anajua hivyo kabla hajajua kuhesabu.

Waandikishaji wa wapiga kura walikuja mwezi ukiwa mkubwa. Wavuvi wote walikuwepo, wakajiandikisha kwenye kituo cha mwaloni, wakipiga mizaha kwenye foleni na kutaniana juu ya picha za kadi. Kwangu mimi ilikuwa sikukuu. Kampeni tulizianza mwezi ukiwa mkubwa tena, na mikutano yetu ya mwaloni ilijaa kila mara. Ratiba ya uchaguzi ilibandikwa hadharani. Mwezi ulikuwa juu, kila mtu akiuona. Hakuna hata mmoja wetu, mimi, Nyanjura, wavuvi, wanikaji, aliyevilaza vitu hivyo viwili kando kwa kando.

Tuligundua alasiri moja, siku chache kabla ya kura. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, Nyanjura anageuza dagaa kwenye chanja na kunieleza hotuba yake ya kufungia kampeni. Akaja mwanawe, Majura, mvuvi, kijana mrefu mwenye haya, amebeba begi lake.

"Shikamoo, Mama Kemi. Shikamoo, mama."

"Marahaba," tukajibu.

"Mama, naaga. Giza linaingia, tunaondoka kesho."

"Mungu awe nanyi. Mnarudi lini?"

"Mwezi ukikua."

Nyanjura akaendelea kugeuza dagaa. Akageuza wengine. Kisha mkono ukasimama.

"Mama Kemi," akasema bila kunitazama, "kura ni lini?"

Nikamtajia siku, ingawa aliijua. Akaweka chini kibao chake cha kugeuzia. Majura alikuwa bado amesimama na begi begani, anatutazama mmoja mmoja, hajaelewa kilichotokea.

Tulikwenda kwa tajiri, ndivyo wavuvi wanavyomwita mwenye mitumbwi. Wa pale alikuwa Otieno, mtu mzito wa maneno.

"Mama, mimi siwezi kusimamisha giza," aliniambia. "Giza ndilo linalolisha watu hawa. Mwezi ukitoka, nani atawalipa?"

"Sikuombi usimamishe. Nakuomba siku moja."

"Kuja na kurudi si siku moja."

"Basi tusaidie unavyoweza, kaka yangu."

Akafikiri, akikuna kidevu. "Boti ya kubeba dagaa itakuja nchi kavu asubuhi hiyo. Anayetaka kupiga kura, apande. Nahodha wangu hatamkataza mtu, na mimi sitamkata mtu chochote."

Alitimiza neno lake. Sina lawama kwa Otieno.

Nikaanza kupiga simu. Mtandao wa visiwani ulikuwa unashikwa juu ya jiwe moja tu, kwa hiyo niliwapata wavuvi kwa zamu, wakipokezana simu na vicheko. Kila kambi ilinijibu jibu moja: "Usijali, mama, watu watakuja." Majura naye aliniambia, "Usiwe na wasiwasi, Mama Kemi, watu wamejipanga." Nikampa Nyanjura simu asikie mwenyewe, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya begi.

Kijana wangu, ukitoka hapa na jambo moja tu, toka na hili. Mpiga kura akikwambia "watu watakuja," andika sifuri. Akikwambia "mimi nitakuja, na mke wangu, asubuhi tukishakamua ng'ombe," andika wawili. Neno "watu" halina kadi ya kupigia kura. Kila mtu hulitumia akimaanisha wengine.

Siku ya kura ilipambazuka safi, ziwa limetulia kama mafuta kwenye kikaango ambacho hakijawekwa motoni. Kituo kilikuwa kwenye darasa la shule ya msingi. Wanawake wa mwaloni walipiga kura mapema, halafu wakateremka ufukweni kuisubiri boti. Wengine walikuwa wamevaa kanga zao nzuri. Mmoja alikuja na kigoma.

Boti ikaonekana. Ikakaribia. Ilikuwa imezama kwa uzito, na vigelegele vikaanza. Kisha tukaona kuwa uzito ule ulikuwa wa magunia.

Walishuka mpishi wa kambi, kijana mmoja mwenye malaria aliyekuja hospitali, na mzee asiye na kadi kabisa, aliyekuja kumwona dada yake. Mwenye kigoma alikipiga mara mbili, akaacha. Mpishi alikwenda kituoni na aproni yake, akapiga kura, akarudi kwenye boti. Namkumbuka mtu huyo kwa heshima mpaka leo.

Nyanjura akaisogelea boti. Akamshika kijana mgonjwa mkono, akampeleka kituoni, si kupiga kura kwanza, bali kukaa kivulini na kunywa maji. Kijana akapiga kura yake baadaye, akitetemeka kwa homa. Halafu mgombea wangu, siku ya uchaguzi wake, akatafuta pikipiki ya kumpeleka mtoto wa watu hospitali.

Jioni matokeo yalibandikwa ukutani, kama inavyotakiwa, na mawakala wa vyama vyote tulikuwepo. Kura zilihesabiwa vizuri. Nakwambia hili kwa sababu nawe utashindwa siku moja, na kishawishi cha kwanza kitakuwa kusema umeibiwa. Siku ukiibiwa kweli, sema, tena kwa ushahidi. Ila sisi siku ile hatukuibiwa. Kulwa alikuwa wa kwanza, Nyanjura wa pili, Shija wa tatu. Ukizijumlisha kura za Nyanjura na Shija, waliokataa ukuta walikuwa wengi kuliko walioutaka. Na pengo kati ya Kulwa na Nyanjura lilikuwa dogo kiasi kwamba wavuvi wa kambi moja tu wangeliziba wakabaki na wa ziada.

Mitumbwi ilirudi mwezi ulipokua. Nilikuwa nimekwenda kumsalimia Nyanjura. Majura alikuja akipanda kutoka majini, gunia begani, amechoka na amefurahi, maana giza lile lilikuwa jema.

"Shikamoo, mama! Mama Kemi, shikamoo! Enhe, tumeshinda?"

Kule visiwani habari zilikuwa hazijamfikia, au zilimfikia asizisadiki. Nikatazama chini. Nyanjura alilipokea gunia, akaanza kuwamwaga dagaa kwenye chanja.

"Siku ile ya boti," akauliza, "ulikuwa wapi, baba?"

"Nilibaki na nyavu. Si unajua lazima mtu abaki. Akina Mafuru walisema wanakuja."

"Akina Mafuru hawakuja."

"Lakini walisema, mama. Kambi yao nzima."

"Na wao wameniambia jana kwamba akina Majura walisema wanakuja."

Majura akasimama pale. Nyanjura akawatandaza dagaa taratibu, asiache fungu, kama alivyofanya maisha yake yote. Kisha akasema, wala hakupandisha sauti:

"Mimi niliyekunyonyesha, mwanangu, ukaniachia akina Mafuru?"

Majura aliinama akaanza kumsaidia kutandaza dagaa.

Soko lilijengwa. Ni soko zuri, nikuambie ukweli. Lina taa, lina maji, na wauza sangara wanakaa kivulini kwenye meza za vigae. Mheshimiwa Kulwa alifanya alichoahidi, na diwani anayefanya alichoahidi si wa kubezwa. Lakini uwanja wa kuanikia uliishia chini ya sakafu ile. Wanikaji walihamia kwenye mawe upande wa pili wa ghuba, mahali ambapo jua huchelewa na mchanga huruka ukaingia kwenye dagaa. Wanunuzi wa mbali walipunguza bei, halafu wakapunguza safari. Wanawake wawili watatu waliacha kazi. Nyanjura hakuacha.

Msimu wa uchaguzi uliofuata nilimwendea kule kwenye mawe. Nilikuwa na matumaini mapya. Shija alikuwa amepoa, vijiji vya juu vimemchoka Kulwa, na kalenda nilikuwa nayo mkobani, nimeshaisoma mwezi kwa mwezi. Nikamweleza yote. Alinisikiliza vizuri, akanikaribisha uji.

"Dada," akasema, "kushindwa na Kulwa nilikubali siku ileile. Mtu hushindwa. Lakini nikisimama tena, kila wimbo wa kampeni utamrudisha Majura kwenye ile siku. Tangu pale hajawahi kuniomba kitu. Anabeba magunia yangu mwenyewe mpaka huku kwenye mawe, hataki nimpe mtu mwingine. Mwache apumzike."

"Na wewe?"

"Mimi naanika dagaa."

Nilikunywa uji, nikaaga. Nimesimamia kampeni nyingine baada ya hapo, nyingine nimeshinda. Lakini nikipita kwenye soko lile, nikaona vigae vinavyometameta, huwa nawaza mbali sana. Nawaza uwanja ule ungekuwepo. Nawaza pia diwani yule ambaye hatukumpata, ambaye aliacha uchaguzi wake mwenyewe ili mgonjwa afike hospitali. Kata yetu ilikuwa naye mkononi, ikamwacha akapita kati ya vidole, kila kidole kikidhani kingine kimeshika.

Sasa nikujibu swali lako. Ndiyo, kijana wangu, kazi ya kampeni ina mshahara, na nakutia moyo uifanye, maana una masikio ya kusikiliza na hukunikatiza hata nilipozunguka. Lakini usianze kwa nyimbo na fulana. Anza na wewe mwenyewe. Uliniambia unafanya kazi ya zamu kiwandani Nyakato, umepanga Buhongwa, na ulijiandikisha nyumbani kwenu Kwimba ulipokuwa likizo. Huko hakuna mwezi wala dagaa, lakini ni jambo lilelile. Siku ya kura utakuwa kwenye zamu, ukijisemea kwamba nyumbani watu watapiga.

Leo ukifika chumbani, itoe kadi yako ya mpiga kura, soma jina la kituo kilichoandikwa, kisha jiulize siku ya kura utaamkia wapi. Kama si hapo, daftari likifunguliwa kwa marekebisho nenda ukahamishe kituo chako, na umwambie mama yako kwa kutaja jina lako: mimi nitapiga.